Anza na mtaro, malizia na mchoro: namna ya kupanga mtaa wa katikati ya mji

Mgeni mkubwa akikaribia kuja Arusha utajua tu. Kingo za barabara zinapigwa chokaa, nyeusi kwa nyeupe, matairi ya maua yanapata rangi mpya, na kwa wiki mbili mji unang'aa kama ukumbi wa harusi. Kisha mvua inashuka kutoka Meru, chokaa inaondoka na maji, na sisi tunabaki na mtaa uleule: njia ya miguu iliyovunjika, mtaro ulioziba, na mama wa ndizi amekaa juani.

Kazi yangu ni kupanga mitaa. Nimeifanya zaidi hapa Arusha na mara chache Moshi, na nimekosea vya kutosha kuweza kukuandikia. Mwongozo huu ni kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, umoja wa wenye maduka, au mchoraji aliyepewa ukuta na kuambiwa "tupendezeshee". Mfano wangu utakuwa mtaa wa mita 180 wa aina unayoikuta kuzunguka Soko Kuu: maduka pande zote, bodaboda kwenye kona, vifodi (daladala ndogo) vinashusha abiria mwisho wake.

Hatua ya 1: Chagua kipande kifupi chenye ncha mbili

Usipange Barabara ya Sokoine yote. Chukua mita 150 hadi 200, kutoka mahali ambapo watu wanatoka hadi mahali wanapokwenda: mlango wa soko hadi kituo, shule hadi kivuko. Mtaa usio na ncha hata ukiupamba hautapitwa.

Angalia pia alama. Hapa kwetu hatuelekezani kwa majina ya mitaa. Tunasema "shukia Friends Corner", "mbele ya Mnara wa Saa", "ukifika Mnara wa Azimio kata kulia". Dar es Salaam ni hivyohivyo, sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1927 na mpaka leo watu wanakutana "pale Askari". Weka hilo akilini, kwa sababu mchoro au sanamu utakayoweka baadaye itafaulu siku mtu atakapoitumia kumwelekeza mwenzake, hata kama hamjui mchoraji wake.

Hatua ya 2: Hesabu miguu

Tafuta vijana wawili, daftari na kalamu. Mhesabu dakika 15 kila mara: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, halafu saa 2 usiku. Fanyeni hivyo siku moja ya kawaida na Jumamosi moja. Zidisha kwa nne upate makadirio ya saa nzima. Andikeni waenda kwa miguu, mikokoteni, na bodaboda zilizoegeshwa juu ya njia ya miguu.

Hesabu ni sehemu rahisi. Kilicho na faida zaidi ni kuweka alama kwenye ramani kila mahali ambapo mtu anaacha njia ya miguu na kushuka barabarani. Kila mshuko una sababu: nguzo katikati ya njia, ngazi ya duka iliyotoka nje, mfuniko wa mtaro uliopotea, rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Kwenye mtaa mmoja wa mita 200 niliwahi kuhesabu mishuko kumi na tisa, na kumi na mmoja kati yake iliondoka bila ujenzi wowote, kwa kuongea na wenye vitu vyao tu.

Chora na kivuli. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linapiga utosini na jengo halikusaidii. Tofauti inakuja alasiri. Kwenye mtaa unaokwenda kaskazini kusini, maduka ya upande wa magharibi yanatia kivuli njia yao wenyewe, na upande wa mashariki ndio unaoungua. Miti yako mingi iende huko. Najua inaonekana jambo dogo, lakini nimeshaona ramani nzuri zenye miti pande zote mbili kwa idadi sawa, kama nywele zilizochanwa, na bajeti ikakatwa nusu, na iliyobaki ikapandwa upande wenye kivuli tayari.

Hatua ya 3: Nenda mvua ikinyesha

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Mji wa Arusha umekaa miguuni mwa mlima wa zaidi ya mita 4,500. Maji ya Ilboru, Sakina na Sanawari hayana pa kwenda isipokuwa kushuka kwetu, na yakitupita yanakwenda kuwasumbua watu wa Unga Limited. Mito ya Naura na Themi inapita katikati ya mji ikipokea kinacholetwa na mitaro, takataka zikiwemo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtaa utapendezaje, uliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Vaa gambuti, shika mwavuli, simama kona ya juu dakika ishirini, kisha kona ya chini. Piga picha. Waulize wenye maduka maji huwa yanafika wapi mwezi wa nne. Watakuonyesha doa ukutani kwa kidole.

Mambo matatu ya kufuata:

Kwanza, mteremko wa njia ya miguu uwe sentimita 2 kwa kila mita moja ya upana, ukielekea mtaro au barabara, kamwe usielekee milango. Ukizidisha, mwenye kiti cha magurudumu anavutwa kwenda barabarani. Ukipunguza, maji yanatuama.

Pili, usiinue njia kupita vizingiti vya maduka. Hili kosa ni langu. Tulipanga vitofali vya pevingi juu ya sakafu ya zamani ili kuokoa gharama ya kubomoa, tukapanda sentimita saba, na masika iliyofuata maduka sita yakaingiwa na maji ambayo hayakuwahi kuyaona. Tulibomoa wenyewe. Pima kila kizingiti, andika namba yake ukutani kwa chaki, na sakafu yako ibaki chini ya kile kilicho chini kuliko vyote.

Tatu, mifuniko ya mtaro. Ya chuma inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wala usijidanganye. Tumia zege lenye nondo, lakini fikiria atakayeufungua. Kipande cha sentimita 60 kwa 50, unene 8, kina uzito wa karibu kilo 58. Watu wawili wanakinyanyua, mtaro unazibuliwa. Mafundi wanapenda kumwaga vipande vya mita nzima kwa sababu kazi inakwenda haraka. Sentimita 60 kwa 100 kwa unene wa 10 ni kilo 144, na huo mtaro hautafunguliwa tena na mtu yeyote. Acha matundu mawili ya kupitishia ndoano.

Hatua ya 4: Jua nani anamiliki nini

Barabara inaweza kuwa ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) au ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), na njia ya miguu iliyo ndani ya hifadhi ya barabara inafuata barabara yake. Nguzo za umeme ni za TANESCO, mabomba ni ya mamlaka ya maji, nyaya nyingine ni za kampuni za simu. Ukuta ni wa mtu binafsi. Ofisi ya mipango miji ya halmashauri ndiyo ya kuanzia. Nenda na ramani ya ukurasa mmoja, usiende na maneno.

Omba kila mmoja akuambie kwa maandishi kama ana mpango wa kuchimba ndani ya miaka miwili. Niliwahi kukabidhi njia mpya mwezi wa sita, na mwezi wa nane ikachimbwa kupitisha bomba. Vitofali vilirudishwa kama meno ya mzee. Siku hizi nafukia mabomba matupu ya plastiki ya inchi 4 chini ya njia, yakikatiza kila mita 40 hivi, na kuyaonyesha kwenye ramani. Atakayekuja na waya atapita humo.

Kama mtaa una jengo la zamani, uliza watu wa Idara ya Mambo ya Kale kabla hujapaka chochote. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 kila mtu analijua, lakini zipo nyumba za maduka ambazo umri wake tunaujua kwa mbao za madirisha tu, na rangi moja mbaya inafuta hayo yote.

Hatua ya 5: Kaa na wenye mtaa, mmoja mmoja

Mkutano wa mtaa ni lazima, ila kwenye mkutano wanaongea wenye maduka na wenye sauti. Wauza ndizi, washona viatu na mama lishe hawawezi kuacha biashara saa 4 asubuhi kuja kukaa kwenye viti vya plastiki. Wafuate. Nunua kitu, kaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nyamaza kidogo. Mama mmoja nilimwamkia, nikamfungulia michoro yangu ya ukuta na maua, akaitazama vizuri kabisa, akasema: "Marahaba mwanangu, ni nzuri. Ila wewe unaleta rangi, mimi nakaa na jua." Nilikunja karatasi.

Kuhusu wamachinga: ukipanga mtaa kana kwamba hawapo, watarudi na mpango wako utavunjika kwa wiki moja. Tuliona uhamishaji wa 2021 na 2022 ulivyokuwa mgumu kote nchini. Mimi nagawa njia ya miguu kwa mistari. Mita 2 kando ya maduka zinabaki wazi kabisa kwa wapitaji, kitu chochote kisiguse. Mita 1.2 hadi 1.5 upande wa barabara ni ya miti, taa, mapipa ya taka, mabenchi, na katikati ya mti na mti, meza ya biashara yenye namba. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, wauza chakula wa usiku walirudi na sehemu yao. Leo ukimwondoa muuza urojo Forodhani, umebakiwa na nyasi.

Halafu tembea mtaa wote na mtu asiyeona na mtu mwenye kiti cha magurudumu. Ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa sentimita 180 ili kiti kipande bila kusukumwa, yaani kila sentimita moja ya kupanda inadai kumi na mbili za kwenda mbele. Mafundi watakuambia mita moja inatosha. Mwambie fundi apande yeye na kiti.

Hatua ya 6: Jaribu kwa chokaa kabla ya zege

Mwaka 1972 mji wa Curitiba, Brazili, ulikuwa na meya aitwaye Jaime Lerner. Alitaka kuugeuza mtaa mkuu wa biashara uwe wa waenda kwa miguu, na wafanyabiashara walikuwa wakali. Kazi ikaanza Ijumaa jioni na kwa muda wa saa 72 hivi ikawa imekamilika. Wenye magari walipopanga kuuvamia mtaa kwa maandamano, walikuta watoto wamekaa chini wanachora kwenye karatasi ndefu.

Sikushauri uende kwa ubabe huo, baraza la madiwani litakumaliza. Lakini somo la majaribio lichukue. Omba kibali cha Jumamosi na Jumapili. Chora mistari ya mita 2 kwa chokaa, panga mapipa yaliyopakwa rangi mahali miti itakapokaa, azima mabenchi ya kanisani au msikitini, waonyeshe bodaboda kona yao mpya. Machalii wa bodaboda ndio watakuambia kwa uwazi kuliko mshauri yeyote kama kona ile inaleta abiria. Kama haileti, usipoteze zege, watarudi walikokuwa.

Rudia hesabu ya hatua ya 2. Unachotafuta ni mishuko imepungua kiasi gani.

Hatua ya 7: Miti

Panda mvua za vuli zinapoanza au mwanzoni mwa masika. Kupanda Juni kwa sababu fedha za mwaka zinaisha tarehe 30 ni kuua miti kwa risiti. Shimo la mita 1.2 kwa 1.2, na uso wa udongo ubaki wazi, usizungushie zege hadi shingoni. Umbali wa mita 7 hadi 8. Kiangazi cha kwanza kila mti upate ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, na jina la mwenye ndoo liandikwe. Mti mbele ya duka ukipewa jina la duka huishi. Mti wa "wote" hufa.

Arusha tunaipenda mijakaranda, na mwezi wa kumi mji ukiwa wa zambarau hata mimi naacha kulalamika. Ni mti wa Amerika Kusini uliozoea hapa. Ila maua yake yakilowa yanateleza, kwa hiyo usiupande juu ya ngazi wala mteremko. Mringaringa ni wa kwetu, unakua haraka na una kivuli kipana. Fikasi iache; mizizi yake inatafuta mabomba.

Hatua ya 8: Sasa mchoro

Wengi walianzia hapa. Sisi tumefika tukijua ukuta upi unaonekana na watu wangapi, upi una kivuli, upi unalowa.

Kagua ukuta kwanza. Bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, acha saa 24. Ukikuta umande upande wa ndani, ukuta una maji. Tafuta bomba au mtaro unaovuja, usipake. Ukiona unga mweupe, hiyo ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu, na itasukuma rangi pia. Plasta mpya isubiri siku 28.

Aina ya rangi inawagombanisha wachoraji wetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za mafuta, zile za baiskeli, juu ya mbao laini za dari, na kwenye mbao zinang'aa mpaka leo. Kwa hiyo vijana wanaobeba mtindo wake wanataka kuzipeleka ukutani. Saruji ina magadi. Ikiwa bado mbichi au yenye unyevu, inaigeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni na inabambuka kwa maganda. Ukutani nje tumia praima ya saruji, kisha rangi ya maji ya nje, ile mafundi wanaiita wezagadi. Ukuta wa mita 3 kwa 12 ni mita za mraba 36. Kwenye plasta yenye chembechembe lita moja hufunika kama mita 7, kwa hiyo lita 5 hivi kwa kila mkono (kila upakaji mmoja), na unahitaji mkono mmoja wa praima na miwili ya rangi. Sentimita 80 za chini zipake rangi moja ya giza bila mchoro. Hapo ni pa matope, viatu, na matangazo ya waganga.

Kuhamisha mchoro: chora kwenye karatasi ya sentimita 30 kwa 120, gawanya kwa miraba ya sentimita 5, na ukutani piga miraba ya nusu mita kwa uzi wa chaki. Kila mraba wa karatasi unakwenda kwenye ndugu yake. Watoto wa shule wanaweza kujaza rangi za chini; nyuso na mikono mwachie mchoraji.

Nini kichorwe? Nimechoka na tembo, twiga na Mmasai anayeruka, na nasema hivyo nikijua watalii wanavipenda. Mtaa huu hupitwa na watu wa Arusha. Uliza mtaa ulikuwa nini: palikuwa na fundi saa, na kinu, na stendi ya zamani? Weka hicho. Na kabla hujanunua rangi, zipange mezani uziangalie kwa macho ya mtu mkorofi. Kijani na njano kwa wingi, wengine wataona chama, wengine wataona Yanga. Nyekundu na nyeupe, Simba na soda. Sikatazi rangi yoyote, nasema changanya mpaka hakuna wa kuidai.

Kuna kampuni zitakuja kukupa rangi bure ili maduka yote yawe ya rangi yao. Ukikubali umeshauza mtaa, na bei yake ni ndoo ishirini.

Mchoraji alipwe. "Utapata jina" hailishi mtoto. Mimi nalipa asilimia 30 mchoro wa karatasi ukikubaliwa, 40 ukuta ukiwa nusu, 30 mwisho. Mkataba useme kuwa hakimiliki inabaki kwa mchoraji, kwamba mwenye ukuta anaruhusu kwa miaka mitano, na kwamba akitaka kuufuta atatoa taarifa ya siku 90. Mwenye ukuta asaini mbele ya mtendaji wa mtaa.

Hatua ya 9: Fedha na ratiba

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na vipaumbele vya kata vinakusanywa miezi mingi kabla. Ukitaka mtaro wako uwe kwenye bajeti, ramani na hesabu zako ziwe mkononi mwa diwani kufikia Oktoba. Manunuzi ya halmashauri sasa hupitia mfumo wa mtandaoni wa NeST, kwa hiyo kikundi kinachotaka kazi ndogo kama kupanga vitofali kijisajili mapema.

Gawanya fedha yako hivi, kwa makadirio yangu: nusu maji na sakafu, robo miti, taa na viti, asilimia 15 sanaa, asilimia 10 matunzo ya miaka mitatu. Hiyo ya mwisho ndiyo watakayotaka kukata. Kubali kupunguza mchoro kabla ya hiyo. Ndani yake kuna kuzibua mtaro Februari na Septemba kabla ya mvua, ndoo za maji, balbu, na siku mbili za mchoraji kila mwaka kurudia palipochubuka.

Fanya uzinduzi ukitaka. Kisha subiri mvua kubwa ya kwanza, vaa gambuti zako zilezile, simama kona ya chini dakika ishirini. Leta daftari na chaki. Kila mahali maji yaliposimama zungushia, na mpigie fundi kabla hajalipwa fungu la mwisho.